Kufunga intaneti nyumbani kule ambako simu haishiki kabisa

Kule kwetu Taita, upande wa nyuma wa milima ukielekea Kasigau, kuna jiwe watu wanaliita simu ya jamii. Ukitaka kupiga simu unapanda lile jiwe, unasimama upande wa kushoto (sio kulia, kulia haishiki), unainua mkono kama mtu anayekula kiapo alafu unangoja. Krismasi kuna foleni. Mimi nimekua na hilo jiwe, na nilipoanza kazi za kompyuta Mombasa kila nikienda nyumbani ilikua ni kuaga kabisa, siku nne siko hewani, mpaka nikasema basi, naenda kumfungia mamangu intaneti. Nilidhani ni kazi ya wikendi moja. Ilinichukua miezi mitatu na pesa ambayo kiasi chake sikitaji hapa manake mke wangu anasoma.

Kosa langu ndilo kosa la karibu kila mtu, nilinunua kwanza nikapima baadaye. Niliona antena dukani, muuzaji akaapa inavuta netiwaki kilomita arobaini, nikalipa nikaibeba kwa matatu kama mtu amebeba mbuzi. Sasa wewe kabla hujatoa hata shilingi kumi, tembea kwanza. Chukua simu ya Android, weka laini za kampuni mbili tofauti manake kuna mahali mmoja amelala na mwenzake yuko macho, alafu bonyeza *#*#4636#*#* kama vile unapiga simu, itafunguka sehemu ya majaribio, ingia kwa habari za simu utaona namba yenye alama ya kutoa mbele na dBm nyuma, hio ndio nguvu ya netiwaki. Simu zingine zimefunga hio kitu, basi pakua programu yoyote ya kupima mnara ukiwa bado mjini. Ukiwa bado mjini, nasisitiza, nitalirudia hili neno tena.

Hio namba isome hivi. Ikiwa -85 hapo uko vizuri kabisa. -100 unafanya kazi bila shida kubwa. -110 ni WhatsApp ya kubembeleza. -120 hakuna kitu hapo ni upepo tu. Na kumbuka ni namba za kutoa, kwa hivyo -120 ni mbaya kuliko -90, binamu yangu alikua anashangilia akidhani kapata nyingi. Kila ukiongeza tatu nguvu imekua mara mbili, kwa hivyo kutoka -110 mpaka -104 sio kidogo, ni mara nne.

Alafu zunguka shamba lote. Kona zote, juu ya paa, juu ya tangi, juu ya mwembe kama magoti bado yanakubali, na uandike kwa daftari mahali na namba. Fanya asubuhi, rudia usiku watu wakiwa wameshika simu zao. Usiamini vile ilivyo chini, kule milimani mita nne tu kwenda juu zinabadilisha kila kitu manake mnara umejificha nyuma ya mgongo wa kilima na wewe unachotafuta ni kuchungulia tu. Mimi hio kazi ingenichukua saa tatu. Badala yake nikafunga antena kwa paa la jikoni ambapo hata popo hawapati netiwaki.

Ukimaliza kuzunguka utakua umeangukia sehemu moja kati ya tatu. Ama kuna mahali kwenye shamba lako panashika angalau -110. Ama shamba lote limekufa lakini kuna kilima unachokiona kwa macho ambacho kina netiwaki, au nyumba ya mtu yenye intaneti. Ama hakuna kitu kokote, na hapo ni mbinguni tu, yaani setilaiti.

Tuseme umepata -110 juu ya paa, hata kwa laini moja. Usikimbilie dishi. Netiwaki unayo, iko tu juu kuliko wewe. Unachohitaji ni rauta ya nje, ile ya kufungwa kwenye nguzo, ambayo antena na mahali pa laini ya simu viko pamoja ndani ya boksi moja lisiloingia maji, alafu kinachoshuka mpaka ndani ya nyumba ni kebo ya LAN moja tu (ile kebo ya mtandao ya kompyuta) inayopeleka umeme juu na kuleta intaneti chini. Hapa ndio ile antena yangu ilinitia adabu. Antena ya kawaida inafungwa juu alafu waya mwembamba wa antena unashuka mpaka kwa rauta ndani, na ule waya mwembamba mweusi ambao maduka mengi wanauza unakula mawimbi, kwenye masafa ya 1800 (moja ya njia za mawimbi ya simu) kila mita inapoteza zaidi ya nusu desibeli, zile zile hatua za namba za dBm, sasa mita 15 zimekula kama desibeli kumi, na desibeli kumi maana yake kati ya sehemu kumi ulizovuna juu imefika moja. Ni kuteka maji kwa karai lililotoboka. Kebo ya LAN haina hio shida mpaka mita 100, kwa hivyo nguzo inaweza kuwa hata kule mwisho wa shamba karibu na zizi kama ndiko kunashika.

Nguzo yenyewe, bomba la chuma la mita 6 la hadwea linatosha watu wengi, inchi moja na nusu, lisimamishe kwa saruji na ulifunge waya tatu za kuvuta pande tatu manake upepo wa kule bondeni ukianza mwezi wa saba hautanii. Ukielekeza rauta usiangalie mnara uko wapi kwa ramani ukadhani umemaliza. Milimani mawimbi yanagonga mwamba yanarudi, na mara nyingi upande unaoshika vizuri ni upande wa ajabu ambao hakuna mnara kabisa. Zungusha kidogo, ngoja dakika moja, soma namba, andika, zungusha tena. Mtu mmoja juu, mmoja chini na simu akisoma, na mtoto wa kupeleka ujumbe kati yao wakiacha kusikizana. Ndani ya mipangilio ya rauta kuna mahali pa kuchagua itumie masafa gani tu, jaribu yale ya chini kama 800, hayo yanazunguka vilima na kupenya miti vizuri kuliko 2100 ama 2600, hata kama spidi yake ni ndogo kidogo. Na toa PIN kwa laini kabla hujaipandisha juu, mimi nimeshuka ile ngazi mara mbili kwa sababu ya PIN.

Sasa hali ya pili, ile ya kilima. Hii ndio niliijaribu baada ya antena kuniabisha, na naipenda mpaka leo ingawa ilinishinda, nitaeleza. Wazo ni rahisi, kule kilimani ama kwa nyumba ya mtu barabarani kuna intaneti, unaweka redio moja kule inaangalia kwako, na nyingine kwako inaangalia kule, zinatupiana intaneti kama watu wawili wanatupiana mpira. Redio ndogo za TP-Link kama CPE510 ama za Ubiquiti kama LiteBeam zinatosha kwa kilomita kadhaa, na zinakula umeme kidogo sana, wati saba nane hivi kila moja. Sharti ni moja tu na halina mjadala, lazima zionane. Sio karibu kuonana, zionane.

Namna ya kuhakikisha bila kununua chochote: kioo. Mjomba wangu alipanda kilimani na kioo chake cha kunyolea, mimi nikabaki nyumbani juu ya tangi, saa nne asubuhi jua likiwa upande wake akaanza kunimulika. Ukiona mwanga unametameta, redio zitaonana. Usipouona kuna mti ama mgongo wa ardhi katikati. Unaweza pia kuangalia kwa Google Earth, ukichora mstari inakuonyesha mwinuko wa ardhi kati ya sehemu mbili, lakini mstari huo haujui miti ya watu, kioo kinajua.

Na kuna kitu mafundi wengi hawakwambii. Mawimbi hayapiti kama uzi ulionyooka, yanapita kama muhogo, mwembamba huku na huku, mnene katikati. Kwa redio za masafa ya GHz 5.8 umbali wa kilomita 5, pale katikati huo muhogo una mita 8 kutoka kati mpaka ukingoni, na angalau asilimia 60 ya hapo iwe wazi, yaani kama mita 5 za hewa tupu juu ya miti. Kilomita 10 inakua mita 11, unahitaji karibu 7 za wazi. Kwa hivyo unaweza kuona kilima kwa macho kabisa lakini kama unakiona kwa kuchungulia juu tu ya vichwa vya mikaratusi basi utapata intaneti inayokohoa, na mvua ikinyesha majani yakilowa ndio kabisa. Na miti inakua. Pandisha nguzo ya kesho sio ya leo.

Kuzielekeza, anza kwa macho, alafu ingia kwa redio usome nguvu inayopokea, unatafuta kati ya -50 na -65. Sukuma kulia kushoto kwanza mpaka upate bora, kaza, ndio uje juu chini. Ukipata -75 mahali pakavu usijipongeze, umeshika pembeni ya mawimbi, endelea kuzungusha kuna pa kati penye nguvu zaidi umepapita. Weka nywila ndefu kwa zile redio, na zima jina lake lisionekane, manake vijana wa kijiji wana akili kuliko wewe.

Mbona ilinishinda? Umeme wa kilimani. Kule juu niliweka rauta ya laini ya simu na redio moja, zote zinakula kama wati 15, siku nzima ni wati-saa 360 (wati 15 mara saa 24), nikaweka paneli na betri kwa kijisanduku cha mabati, nikaelewana na mwenye shamba. Wiki tano nilikua mfalme. Wiki ya sita mtu akapanda usiku akashuka na paneli, betri, na hata zile nati. Alituachia redio, nadhani hakujua ni nini. Ukiweza fanya hii njia na nyumba ya mtu anayelala pale, mwalimu, duka, zahanati, kanisa, mahali kuna stima na mbwa, na umlipie intaneti yake kama kodi, hio ndio bima ya kweli. Kilima kisicho na mtu ni kilima cha mwizi.

Neno dogo kuhusu sheria manake watu huuliza. Haya masafa ya 2.4 na 5.8 kwa nguvu ndogo hapa Kenya huombi leseni ya masafa, lakini siku utakayoanza kuwalipisha majirani umegeuka kampuni, hapo ni leseni ya CA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano. Tangu 2021 wana mpango wa leseni maalum kwa mitandao ya jamii, nafuu kuliko ile ya makampuni, na kuna watu wameifanya hio kazi ya mitandao ya jamii vizuri, kama wale wa TunapandaNET kule Kibera. Ukiwa kijiji kizima mnataka, fuateni hio njia, msijifiche.

Haya, hali ya tatu. Hakuna kitu kokote, kilima hakionekani, ama kama mimi umechoka kuibiwa. Setilaiti. Zamani hii ilikua kitu cha benki na mashirika, dishi kubwa linaangalia setilaiti moja iliyokaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, ukisema hodi jibu linarudi baada ya zaidi ya nusu sekunde, simu ya video ilikua mateso. Sasa kuna Starlink, kampuni ya intaneti ya setilaiti, setilaiti zao ziko chini, kama kilomita 550, ziko maelfu zinapita, kwa hivyo jibu linarudi haraka na unaweza kupiga simu kama mtu wa mjini. Rwanda ilianza Februari 2023, Kenya ikafuata Julai mwaka huo huo. Kila nchi ina ruhusa yake, mtu wa Holili, Tanzania, asije akanunua Taveta huku Kenya akavusha mpaka akidhani ni kama kuvusha vitunguu, angalia kwanza kama nchi yako imeiruhusu. Na huku mashambani tulikua na bahati moja, mwishoni mwa 2024 Nairobi na kaunti za jirani walisimamisha wateja wapya kwa sababu palikua pamejaa, sisi huku setilaiti ilikua inapita juu ya mbuzi tu.

Bei zinabadilika sana usichukue neno langu, lakini mwaka 2024 kifurushi cha kawaida cha nyumbani kilikua 6,500 kwa mwezi na wakaleta kile kidogo cha GB 50 kwa 1,300. Kwa mzee na mama wanaopiga WhatsApp na kusikiliza mahubiri GB 50 zinatosha, mradi uzime video kujifungua zenyewe na simu kujisasisha zenyewe, manake filamu ya HD inaweza kula GB 3 kwa saa moja na wajukuu wakija likizo hio GB 50 inaisha Jumatano.

Mpangilio wa kufunga ni huu, na ndio nilisema nitarudia neno. Ukiwa bado mjini, fungua akaunti, lipia (M-Pesa wanakubali), washa kifaa, pakua ile programu yao kwa simu mbili, yako na ya mtu atakayebaki nyumbani. Nimeona mtu amesafiri na dishi mpaka kijijini alafu anatakiwa apakue programu ili aweke intaneti ili apakue programu. Washa dishi hapo hapo mjini kwenye uwanja, liache lijisasishe, ukiona linafanya kazi ndio ulikunje usafiri. Kama ni bovu bora ujue ukiwa karibu na duka.

Ukifika, usifunge kitu. Ile programu ina mahali pa kupima vizuizi, unainua simu unazungusha kamera mbinguni inakuchorea mahali panazibwa. Fanya hivyo mahali kamili dishi litakaa na kwa urefu huo huo, sio chini ya mti alafu ufunge paa. Watu wanadhani mti mmoja sio neno. Kwa video kweli sio neno, YouTube inajiwekea akiba mbele kwa hivyo hata ikikatika sekunde tano huoni, lakini simu ya kazi inakatika kila setilaiti ikipita nyuma ya ule mti, na utasema intaneti mbaya kumbe ni mwarobaini. Usikate mti lakini. Mamangu aliniuliza, huo mwembe umekula miaka mingapi na hilo sahani lako lina miaka mingapi? Nikasogeza sahani. Mita tisa tu upande wa zizi anga lote likawa wazi.

Dishi la kawaida linakuja na kebo ya mita 15, pima kabla hujachagua mahali. Kebo ipitishe ndani ya bomba la plastiki na uifukie, panya wanaipenda, mbuzi wanaijaribu. Dishi likishakaa, programu itakwambia uligeuze upande gani, fuata vile inasema, usilete uzoefu wa dishi la TV hapa manake lile linaangalia mahali pamoja na hili linafuatilia zinazotembea.

Sasa umeme, na hapa naomba ukae manake ndio sehemu inayowashinda watu wengi kuliko intaneti yenyewe. Kama una stima ya nguzo ruka hii aya na mbili zinazofuata. Kama ni sola, swali la kwanza ni dishi gani. Lile la kawaida linakula kati ya wati 75 na 100. Lile dogo, Mini, kati ya 25 na 40. Piga hesabu: la kawaida tuseme wati 80 mara saa 24 ni wati-saa 1,920 kwa siku. Mini tuseme 30 mara 24 ni 720. Hio tofauti ni ya paneli tatu nne za wati 100 na betri nzima, kwa hivyo kwa nyumba ya sola mimi nasema Mini bila kufikiria mara mbili, hata kama waifai yake haifiki mbali na haina spidi ya mwenzake.

Betri ya asidi ya ampea-saa 100 volti 12 kwa hesabu ni wati-saa 1,200 lakini ukiitumia zaidi ya nusu kila siku inakufa mapema, kwa hivyo hesabu 600. Lithiamu ya ukubwa huo ni 1,280 na unaweza kula kama elfu moja bila dhambi. Paneli ya wati 100 kwa jua letu la saa tano za nguvu, ukitoa hasara ya joto, vumbi na waya, inakupa kama 350. Kwa hivyo Mini saa 24 inataka paneli mbili za mia, na ya tatu kwa ajili ya ukungu, manake milima ya Taita kuanzia mwezi wa sita jua linakuja kama mgeni. Njia ya bei rahisi ni kulizima usiku. Saa kumi na mbili tu kwa siku ni 360, unajipatia nusu ya gharama, na wazee wanalala mapema.

Mini inakubali umeme wa moja kwa moja wa volti 12 mpaka 48, kwa hivyo huhitaji inveta (kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa stima) kabisa, na usiweke, inveta yenyewe inakula hata ikiwa haifanyi kitu. Lakini sikiliza hii. Nilipofunga mimi, kila usiku kama saa tisa dishi lilikua linazima linawaka linazima linawaka. Nilibadilisha mipangilio yote, nikalilaumu dishi, nikalaumu mawingu, nikakaa nje na tochi kama mchawi. Kumbe ni waya. Kutoka kwa betri mpaka kwa dishi ilikua mita 12 za waya wa milimita 1.5, umeme unaenda na kurudi kwa hivyo ni mita 24, na dishi likivuta ampea nne tano huo waya unakula zaidi ya volti moja njiani. Mchana betri iko 13 na kitu, sawa. Saa tisa usiku betri imeshuka 12.2, dishi linapata 11, linakufa, likifa halivuti umeme, volti inapanda, linawaka, linakufa tena. Dawa yake ni mbili, waya mnene wa milimita 4 au 6, ama kifaa cha kupandisha volti kutoka 12 mpaka 24 ukiweke pale pale kwa betri, volti ikipanda mara mbili ampea zinashuka nusu na waya unaacha kukunyang'anya. Mimi nilifanya zote mbili kwa hasira. Na weka fyuzi karibu na betri, betri ya lithiamu ikigusana waya ni moto sio cheche.

Ndani ya nyumba sina maneno mengi. Kuta za mawe na mabati vinaua waifai, rauta iweke karibu na dirisha linaloangalia mahali watu wanakaa, na kama jikoni ni nyumba ya kando vuta kebo ya LAN ya nje (ile nyeusi, ya kijivu inapasuka kwa jua) mpaka kijirauta cha bei rahisi kule. Badilisha nywila kila likizo ikiisha.

Radi. Pigilia ardhini fimbo ya shaba ya kupeleka radi chini, ifunge na nguzo, weka vizuia radi kwa kebo ya LAN, na hata hivyo mvua ya ngurumo ikija chomoa. Mwambie mama achomoe, mfundishe ni waya gani, mfungie kitambaa chekundu pale. Na kama uko njia ya ndovu, nguzo isikae kando ya miti wanayoipenda, ndovu akijikuna kwa bomba lako la inchi moja na nusu hizo waya tatu za kuvuta hazitamsaidia mtu.

La mwisho, na hili ndilo lilinishangaza kuliko yote. Intaneti sio netiwaki. Baada ya kila kitu kuwaka, mamangu akapigiwa WhatsApp na shangazi aliye Muscat, wakaonana uso kwa uso, kilio, nyimbo, mimi nikajiona injinia. Kesho yake nataka kuingia kwa akaunti ya benki, wananiambia wametuma namba kwa SMS. SMS gani? SMS kwa kawaida inakuja kwa mnara, sio kwa waifai. *334# ya M-Pesa pia haitoki. Ujumbe wa M-Pesa unangoja mpaka laini ikutane na mnara. Kwa hivyo kabla hujahamia, ukiwa bado mjini, badilisha akaunti zako muhimu kutoka namba za SMS ziende kwa programu ya kutoa namba (authenticator), ile inayofanya kazi bila netiwaki. Waambie watu wakupigie WhatsApp. Na malipo ya mwezi ya intaneti usiyafunge kwa laini ya mama inayokaa bondeni, yafunge kwa laini ya mtu anayekaa mjini, mimi nimeweka yangu. Mamangu kwa upande wake Alhamisi bado anapanda lile jiwe, upande wa kushoto, kupokea ujumbe wake wa pesa za maembe, alafu anashuka kuja kunitumia picha ya ule ujumbe kwa WhatsApp ahakikishe ni wa kweli.